Mtukufu Mfalme Mswati III, amri ya 1973 si mila

Kwa Mtukufu Mfalme Mswati III,
Ludzidzini, Ufalme wa Eswatini.

Mtukufu Mfalme,

Bayethe! Nakusalimu kwa salamu ya kwenu, na kwa desturi ya kwetu nasema shikamoo.

Nakuandikia kutoka Songea, kusini mwa Tanzania. Wangoni wa huku ni uzao wa msafara ulioanzia jirani na kwenu, Zwangendaba alipoondoka na watu wake kukimbia vita vya Shaka, akavuka Zambezi mwaka 1835, akaja kufia Ufipa. Watawala wetu nao tuliwaita Nkosi, mpaka Wajerumani walipowanyonga hapa Songea mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji. Kwa hiyo usinione mtu baki anayejitia katika ya wenyewe. Habari za kwenu tunazifuatilia kindugu, ingawa nchi yako nzima ingeenea mara tatu ndani ya mkoa wetu wa Ruvuma.

Mila zenu nazipenda, na ndiyo maana naandika. Umhlanga inapofika, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, maelfu ya wasichana hukata matete na kuyabeba mpaka Ludzidzini, kwenye makazi ya mama yako, Ndlovukati, ili uzio unaokinga upepo ukarabatiwe. Wageni huona shanga na picha, wakaandika kwamba ni siku ya mfalme kuchagua mke. Ni kweli wapo wake zako waliotoka humo. Lakini wangetazama yale matete yanapelekwa kwa nani, wangeielewa Eswatini vizuri zaidi. Yanapelekwa kwa mama.

Incwala nayo, sherehe ya mazao mapya, vijana wanapokwenda kukata matawi ya lusekwane na wengine kutumwa kuteka maji ya bahari, inafundisha jambo hilohilo kwa njia yake. Mfalme ndiye anayeonja mazao mapya kwanza, lakini haifanyi Incwala peke yake. Bila vijana wale, bila wazee wanaojua nyimbo na miiko, bila mama yake, hakuna Incwala.

Kwa mila ya Waswazi utawala una watu wawili: Ngwenyama na Ndlovukati, mtoto na mama. Mfalme ana haki ya kutumia ng'ombe wa taifa, na mama ana haki ya kumkemea hadharani akitapanya mali ya taifa. Aliyekosana na mfalme aliweza kukimbilia kwenye nyumba ya mama akapata hifadhi. Waliobuni utaratibu huu walijua madaraka yakikaa mkononi mwa mtu mmoja yanalewesha, wakayagawa tangu zamani, kabla Mzungu yeyote hajafika kuwafundisha habari za katiba.

Sasa tuje kwenye tarehe 12 Aprili 1973. Siku hiyo baba yako, Sobhuza II, alifuta katiba ya uhuru, akapiga marufuku vyama vya siasa na kuchukua madaraka yote mwenyewe. Sababu inajulikana: katika uchaguzi wa 1972 chama cha upinzani, NNLC, kilipata viti vitatu kati ya 24. Viti vitatu tu. Tangu hapo wananchi wameambiwa kwamba vyama ni vya kigeni, na kwamba mfumo wa tinkhundla, yaani kuchagua mtu mmoja mmoja kwa maeneo bila vyama, ndio mila. Katiba uliyotia saini mwaka 2005 inataja uhuru wa kujumuika, lakini uchaguzi bado ni wa mtu mmoja mmoja, waziri mkuu unamteua wewe, na maseneta 20 kati ya 30 unawateua wewe.

Mtukufu Mfalme, hilo ndilo ninalolipinga. Incwala ina umri wa zaidi ya karne moja. Amri ile imezaliwa wewe ukiwa na miaka minne. Haiwezi kuvalishwa ngozi ya chui na kuingizwa zizini pamoja na mila.

Angalia ukoo wako mwenyewe. Labotsibeni, mama wa babu yako Bhunu, ndiye aliyetoa fedha za kuanzisha gazeti la Abantu-Batho mwaka 1912, gazeti la chama cha Afrika Kusini kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1922 baba yako alipanda meli kwenda London kulalamikia ardhi ya Waswazi, ambayo mgawanyo wa 1907 uliiacha theluthi mbili mikononi mwa Wazungu. Alibeba malalamiko ya watu wake mpaka kwa mkubwa kuliko yeye. Alikataliwa, akashindwa na mahakamani mwaka 1926, lakini hakuna aliyemwita gaidi kwa kulalamika. Na mwaka 1964 Sobhuza huyohuyo aliunda chama chake, Imbokodvo, kikagombea na kushinda. Nyumba iliyofadhili gazeti la chama na kuunda chama haiwezi kusema vyama ni vya wageni.

Wewe mwenyewe umewahi kuonyesha kwamba mila inamfunga hata mfalme. Mwaka 2001 ulirudisha umcwasho, desturi ya mabinti kujiepusha na ngono, ukawataka wasichana wajizuie kwa miaka mitano kwa sababu ya UKIMWI. Haikupita miezi mingi ukachumbia binti wa miaka 17. Wasichana wakaandamana, wakaweka vishada vyao vya umcwasho mbele ya makazi yako, nawe ukalipa faini ya ng'ombe. Wengi nje walicheka. Mimi niliona mfalme akilipa faini kwa kudaiwa na mabinti wa nchi yake, na nikaheshimu. Miaka ile Eswatini ilikuwa inazika watu kila Jumamosi. Leo ni kati ya nchi za kwanza duniani kufikia malengo ya 95-95-95 ya kupambana na UKIMWI, tena miaka kumi kabla ya wakati. Taifa lenu likisikilizana linaweza.

Ndiyo maana mwaka 2021 ulituuma sana. Vijana walipeleka barua za maombi kwa wabunge wao, kwenye vituo vya tinkhundla, yaani ndani ya mfumo uleule mnaosema ni wa mila. Waliomba waziri mkuu achaguliwe na wananchi. Tarehe 24 Juni serikali ikapiga marufuku kupeleka barua hizo. Siku chache baadaye nchi ikawaka moto, na tume ya haki za binadamu ya nchi yako mwenyewe ikahesabu waliokufa 46. Wabunge wawili waliounga mkono madai hayo, Mduduzi Mabuza na Mthandeni Dube, walikamatwa, wakatiwa hatiani kwa ugaidi na mauaji, na Julai 2024 wakahukumiwa miaka 25 na miaka 18.

Novemba 2021 Rais Ramaphosa alikuja kwako kwa niaba ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, mkakubaliana kwamba baada ya Incwala kutakuwa na mazungumzo ya kitaifa. Incwala ikapita. Zikapita nyingine. Tarehe 21 Januari 2023, wakili Thulani Maseko, aliyekuwa akiongoza jukwaa la vyama, makanisa na asasi lililosubiri mazungumzo hayo, alipigwa risasi kupitia dirishani akiwa nyumbani kwake Luyengo, mkewe na watoto wakiwa palepale.

Wapo wanaosema mkutano wa Sibaya wa mwaka 2023 ulitosha. Sibaya naiheshimu, watu kukaa zizini na kusema mbele ya mfalme ni jambo ambalo nchi nyingi zenye marais hazina. Lakini anayezungumza pale anazungumza peke yake, na neno la mwisho ni lako. Mazungumzo uliyoahidi yalikuwa ya pande mbili. Kwa Waswazi kinywa cha mfalme hakisemi uongo, na wewe uliahidi.

Ninachoomba ni hiki: itisha mazungumzo hayo mwaka huu, kabla ya Incwala, viongozi wa vyama wakiitwa kwa majina ya vyama vyao na walio uhamishoni wakihakikishiwa kurudi salama, na SADC ishuhudie. Mjane wa Maseko aelezwe uchunguzi wa kifo cha mumewe umefikia wapi. Na amri ya 1973 isomwe mbele ya taifa, pale Ludzidzini, kisha itamkwe wazi kwamba imekufa na yote iliyoyazaa.

Ni mimi, Mngoni wa Songea,
Ruvuma, Tanzania.