Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Kaunti ya Mombasa: pesa za maji zisiguswe kabla ya kura

Mheshimiwa Waziri,

Mwaka wa fedha wa 2026/27 unafungwa tarehe 30 Juni 2027, na kura ni tarehe 10 Agosti. Hapo katikati ni siku 41 tu. Bajeti hii basi ndiyo ya mwisho ambayo serikali yenu itaitumia kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ndiyo yenye kishawishi kikubwa cha kupunguzwa huku ili kuongezwa kule kunakoonekana na wapiga kura. Tunaomba jambo moja: bajeti ya ziada, yaani ile inayobadilisha mgawo wa pesa katikati ya mwaka, isiguse pesa za umeme wa pampu wala za kuziba mabomba yanayovuja.

Karibu maji yote ya mfereji tunayotumia Mombasa yanatoka nje ya kaunti. Ya chemchemi za Mzima yanatoka Tsavo Magharibi, yakiteremka yenyewe kwenye bomba la karibu kilomita 220. Ya Marere na Tiwi yanatoka Kwale. Ya Baricho, kando ya mto Sabaki, hayaji bila kusukumwa, na pampu zake zinakula umeme usiku na mchana. Mwananchi hulipa kampuni ya maji ya kaunti, kampuni inalipa wakala anayeleta maji kwa jumla, wakala analipa umeme. Mmoja akikwama, deni linapanda hadi siku umeme unakatwa, na mifereji inakauka hata kwa yule aliyelipa bili yake kwa wakati.

Mnyororo huo unakatikia kwenye maji yanayopotea bila kulipiwa. Msimamizi wa huduma za maji nchini anahesabu kupoteza zaidi ya asilimia 25 kuwa kiwango kisichokubalika, na Mombasa imekivuka kwa miaka mingi. Bwawa la Mwache likikamilika litatuletea maji zaidi, lakini tukiyamwaga kwenye mabomba haya haya, hasara nayo itaongezeka.

Dawa inajulikana. Mtandao unagawanywa kanda kwa kanda kwa valvu, na kila kanda inafungwa mita kubwa pale maji yanapoingia. Kisha mita hiyo inasomwa kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Ikiwa bado inakimbia wakati huo, na si matangi ya majumbani yanayojazwa, hapo pana uvujaji au kuna waliojiunganishia kwa njia za panya. Ndipo mafundi wanaingia mtaani, wakianza na kanda inayopoteza zaidi. Kazi hii haina utepe wa kukatwa, na ndiyo sababu hunyimwa pesa kila uchaguzi ukikaribia.

Badala yake huchimbwa visima. Kisiwani na kandokando ya bahari maji baridi ni tabaka jembamba lililokalia maji ya chumvi. Pampu ikivuta kupita kiasi, chumvi inapanda, na kisima kilichozinduliwa kwa ngoma kinabaki cha kufulia na kuoshea vyombo. Penye vyoo vya shimo karibu hali ni mbaya zaidi, maana uchafu hupenya kwenye mawe ya matumbawe kwa urahisi.

Mgao wa maji nao una madhara ambayo hayaonekani kwenye vitabu vya hesabu. Bomba likikaa tupu, hunyonya maji machafu yanayolizunguka kupitia nyufa zile zile. Maji yakirudi, hewa hutangulia na kuzungusha mita, kwa hivyo mteja analipia upepo. Asiyesubiri anamwita hamali wa mkokoteni. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 20, lita 1,000 zimegharimu shilingi 1,000. Hakuna bei ya mfereji inayokaribia hapo, na wanaoibeba ni wale wa vyumba vya kupanga wasio na tangi.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 135, inaruhusu bajeti ya ziada pale pesa zilizotengwa zisipotosha au likizuka hitaji lisilotengewa fedha. Uchaguzi hauzuki. Tarehe yake imo ndani ya Katiba, kama ilivyo haki ya maji safi na ya kutosha katika kifungu cha 43.

Kwa hivyo, Mheshimiwa, umeme wa pampu na ukarabati wa mabomba viandikwe kwenye mistari yake miwili, visifichwe ndani ya jina la jumla la matumizi ya idara. Bajeti ya ziada ikipelekwa kwenye bunge la kaunti, iambatane na jedwali la kila shilingi iliyohamishwa: imetoka wapi, imekwenda wapi. Ripoti ya robo ya mwisho ya mwaka inatakiwa ndani ya mwezi mmoja baada ya 30 Juni, yaani siku kumi hivi kabla ya kura. Itoeni kwa Kiswahili, wadi kwa wadi, na ibandikwe kwenye ofisi za wadi kuanzia Likoni hadi Kisauni.

Ni sisi, wakazi wa Mombasa.