Nauza kopi, lakini bahasha hizi za kaki zipungue

Ndugu Mhariri,

Nina kibanda cha steshenari hapa Makorora, Tanga. Natoa kopi, napiga paspoti saizi, nafanya laminesheni, nawaandikia watu barua na vocha nauza pia. Najua wenzangu wa biashara hii wakisoma haya watanicheka, ni kama mvuvi anayeomba samaki wapungue baharini, lakini acha niseme tu maana nimechoka kuona.

Wateja wangu wa asubuhi wengi sio wanafunzi. Ni watu wanaofuatilia msaada. Utawajua kwa bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, na ndani ni vitu vilevile kila siku, kopi ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye muhuri, picha mbili, cheti cha kuzaliwa cha mtoto au mjukuu. Jumatatu anatoa kopi za bima, Alhamisi anatoa zilezile za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wiki inayofuata zilezile tena za ustawi wa jamii, na kuna taasisi ya watu binafsi inasaidia yatima nayo inataka seti yake, tena wao wanataka picha yenye mgongo wa bluu sijui kwa nini. Mimi kopi moja shilingi 200. Piga mwenyewe hesabu.

Kuna bibi mmoja jirani, jina lake naliacha. Ujanani alifanya kazi ya mkonge, baadae akawa anakaa barazani anasuka kamba za usumba, na sasa analea wajukuu wawili. Sasa sikia. Vidole vyake vimelika, yaani ukimshika mkono ni kama unashika gamba la nazi, kwa hiyo alipokwenda kusajili laini ya simu kile kimashine kikagoma kusoma alama. Akaweka kidole gumba, hamna, akapangusa na khanga, hamna, wakampaka mafuta, hamna. Na hela za TASAF siku hizi wengi wanapokea kwa simu, basi ikabidi itumike laini ya mjukuu wake mkubwa, mtoto wa mwanawe mwingine. Yule kijana akaenda Dar kutafuta maisha na laini akaondoka nayo. Hakuwa na nia mbaya, alisahau tu kwamba hela za bibi zinaingia humo. Malipo ni ya kila miezi miwili, sasa fikiria umeyakosa mara mbili mfululizo.

Kwa kubadilisha ile laini tu bibi amezunguka kwa watu wa simu, wakamrudisha NIDA, NIDA wakamwambia arudi kwa mtendaji, mtendaji akamwambia hilo ni la TASAF, na mratibu wa TASAF yuko jengo la Jiji, akienda anaambiwa yuko fildi. Sisi Tanga tunajisifu "waja leo waondoka leo", yeye kaja leo na kesho na keshokutwa. Kila akipita kwangu, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, leo wamenambia nilete tena ile ya kitambulisho. Ile ile.

Sasa mhariri mimi sio mtu wa kusema serikali haifanyi kitu. Inafanya. TASAF ipo tangu mwaka 2000 na huu mpango wa kaya maskini ulizinduliwa 2012, na nimeona kwa macho watoto ambao wasingemaliza darasa la saba kama isingekuwa lile sharti la mahudhurio asilimia 80. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Wazee wa miaka 60 wana sera yao ya tangu 2003 na hospitali kuna dirisha lao. Tatizo ni kwamba kila mmoja ana daftari lake na hakuna anayechungulia daftari la mwenzake. TASAF wameshamhoji yule bibi kwa dodoso refu, wanajua hadi paa lake ni la nini na anapikia nini, mkutano wa mtaa ukampitisha mbele za watu. Halafu bibi huyohuyo akienda kuomba kitambulisho cha matibabu ya bure anaambiwa alete uthibitisho kwamba hana uwezo. Uthibitisho gani tena jamani?

Na hili litakuwa kubwa zaidi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023 na inasema wasio na uwezo watalipiwa. Nani asiye na uwezo, atatambuliwa na nani, kwa daftari lipi? Kama kila ofisi itaanza kuhesabu maskini wake upya mimi nitanunua mashine ya pili ya kopi na nitamshukuru Mungu, lakini sio sawa.

Mbona penye watoto wanaweza kukaa pamoja? Tangu ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, wa 2017 kuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, ndani yake kuna mtendaji, mwalimu, mtu wa afya, polisi, ustawi wa jamii na viongozi wa dini. Sio kila mahali zinafanya kazi, sehemu nyingine ni majina tu ukutani. Lakini mtaani kwetu kuna mtoto alikuwa anauzishwa karanga stendi usiku badala ya kwenda shule, mwalimu akamwambia mtendaji, mtendaji akapiga simu dawati la jinsia na watoto la polisi, afisa ustawi akaja, shehe wa msikiti akaenda kuongea na yule mjomba wake, ikaisha ndani ya siku mbili bila hata kopi moja. Sikupata hata senti na roho yangu kwatu.

Na niwaambie kitu nilichokiona mwenyewe. Tuliwahi kuwa na mtendaji mmoja, mtu wa kimyakimya, akaomba madawati shule ya msingi siku ya Jumamosi akayapanga chini ya mwembe. Akaita mtu wa ustawi wa jamii, wa bima, wa TASAF, wa NIDA, akaita pia wale wa zaka wa msikitini na mama mmoja wa kanisani anayeshughulikia wajane. Mtu akifika anaanza dawati la kwanza anasogea, karatasi zake zinasogea naye. Mle watu wa dini ndio walikuwa na taarifa nzuri kuliko wote, maana kompyuta haijui nani jana kalala na chai ya rangi tu, ila wao wanajua. Mzee mmoja mwenye ulemavu wa mguu alikuja saa tatu, saa tano alikuwa anarudi kwake na bajaji, mambo manne yamekwisha. Akasimama kwangu akanunua mkate wa ajemi kwa jirani yangu akacheka peke yake.

Yule mtendaji akahamishwa. Madawati yakarudi darasani na huo ukawa mwisho.

Ndio maana naomba, na hii ni kwa Jiji na kwa hao wadau wote wanaokuja na fulana zao, hiyo siku irudi na isitegemee roho nzuri ya mtu mmoja. Kila kata, hata mara mbili kwa mwezi. Na taasisi ikitaka kusaidia mtaani ipite kwanza ofisi ya kata ione kwenye daftari moja nani ameshapata nini kabla haijaanza kuandikisha, kwa sababu nina familia naijua imepata unga mara tatu mwezi mmoja na nyumba ya tatu kutoka hapo hawajapata kitu.

Nawajua watakaosema daftari moja litavuja, majina ya watu na shida zao yatasambaa vibarazani kwenye kahawa. Hoja ina ukweli. Pia kuna wanaosema mwenyekiti ataingiza shangazi zake, na hilo nalo tumeliona. Lakini sasa hivi siri gani iliyopo? Mimi muuza vocha nina kopi za watu zilizoharibika kwenye boksi chini ya meza, nazichoma mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Daftari likikaa kwa afisa ustawi limefungwa kwa funguo ni afadhali kuliko boksi langu. Na majina yakisomwa mkutanoni kama TASAF wanavyofanya, watu wa mtaa huwa hawanyamazi wakisikia la shangazi.

Ila maafisa ustawi waongezwe. Huyu tunayemuona sisi anazunguka kata zaidi ya moja na usafiri ni nauli yake, hata akiwa malaika hawezi.

Bibi alikuja tena juzi. Kijana ameirudisha laini kwa basi, ameiweka ndani ya bahasha na kumkabidhi kondakta, sasa kinachotakiwa ni barua ya kuthibitisha kwamba mpokeaji ndiye yeye. Nimeandika.

Mtendaji wa sasa kama anasoma, viti vyangu vinne vya plastiki vipo na umeme wa kuchomeka kompyuta upo. Siku hiyo kopi nitatoa kwa shilingi 100. Bure siwezi, wino umepanda.

Msomaji wenu,
Mwenye steshenari, Makorora, Tanga