Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama

Ndugu wanachama, mashujaa wenzangu, na ninyi mnaotuuguza,

Nawasalimu nyote wa chama chetu cha wagonjwa wa saratani ya matiti na waliopona, hasa wale mliofika leo moja kwa moja kutoka kliniki.

Katika kikao chetu cha mwezi wa tatu alikuja mama mmoja aliyekuwa amepewa majibu siku nne kabla. Ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara ya kinyama kilichopimwa, alikuwa ameikunja mara nne na kuitia ndani ya daftari la hesabu la mwanawe, lile la miraba. Kurasa za mbele zilijaa hesabu za kugawanya. Za nyuma alikuwa ameandika maswali yake kwa penseli, nami niliyaona kwa sababu nilikaa ubavuni kwake: yalikuwa kumi na moja. Uvimbe wake haukufika sentimita mbili, vipokezi vya homoni vilikuwa chanya (yaani saratani yake huchochewa na homoni), HER2, protini inayoweza kuikuza saratani, ilikuwa hasi, na tezi za kwapani hazikuonyesha dalili yoyote. Daktari alimweleza kwamba anaweza kuondolewa uvimbe peke yake kisha apigwe mionzi, au aondolewe titi lote. Akampa wiki moja akafikirie.

Alisoma swali la kwanza: "Ninyi wenzangu mlifanyaje?"

Tukamvamia. Mmoja akasema toa lote mama, ulale usingizi. Mwingine akasema yeye amehifadhi titi lake wala hajuti. Wa tatu akaeleza jinsi ngozi yake ilivyoiva kwa mionzi, akafungua kola kuonyesha. Mimi, mwenyekiti wenu, nikasema ninalosema siku zote: "Mimi nilitoa lote, na nipo hapa." Nilimwona akifunga daftari. Maswali kumi hayakusomwa, na vikao viwili vilivyofuata hakuja.

Katibu alipompigia simu, alijibu kwa upole, lakini maneno yake yaliniuma: "Nilikuja na maswali yangu nikaondoka na majibu yenu. Hakuna aliyeniuliza naogopa nini." Ameniruhusu niyasimulie haya bila jina lake, nami nimeona yatangulie kwa sababu karibu kila tulichobadilisha mwaka huu kimetokana na simu hiyo.

Husemwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tumekilalia. Ndiyo maana mgonjwa mpya hutuamini haraka, pengine haraka kuliko anavyomwamini daktari, na hapo ndipo tunapoweza kumpotosha bila kukusudia. Ni kweli mimi nipo. Wapo pia humu ukumbini waliohifadhi matiti yao, na tumewazika wenzetu wa pande zote mbili. Kuwepo kwangu hakumwambii mtu ni njia ipi iliyo salama zaidi.

Linalomwambia ni tafiti zilizowafuatilia wanawake wengi kwa miaka mingi, na bahati nzuri zipo. Nchini Marekani, Bernard Fisher na wenzake walianza mwaka 1976 kuwagawa kwa bahati nasibu wanawake wenye saratani ya mapema: wengine waliondolewa titi lote, wengine uvimbe peke yake, wengine uvimbe pamoja na mionzi. Walifuatiliwa wanawake zaidi ya 1,800. Kule Italia, Umberto Veronesi alifanya utafiti wa aina hiyo kwa wanawake 701. Matokeo ya miaka 20 ya tafiti zote mbili yalichapishwa mwaka 2002, na yalikubaliana: waliohifadhi titi hawakuishi muda mfupi kuliko waliolitoa. Ila katika utafiti wa Fisher, bila mionzi saratani ilirudi kwenye titi lile lile kwa wanawake kama 39 katika kila 100; kwa waliopigwa mionzi, kama 14. Kwa hiyo kwa wengi wetu mionzi ni nusu ya pili ya upasuaji wa kuhifadhi titi, wala si nyongeza ya hiari.

Sisemi kila mtu ana njia mbili. Mwenye uvimbe uliotawanyika sehemu kadhaa za titi, aliyewahi kupigwa mionzi kifuani, au mwenye saratani kubwa kwa titi dogo, huenda akashauriwa vingine. Aliyerithi mabadiliko ya jeni za BRCA, yanayoongeza hatari ya saratani ya matiti, naye ana mazungumzo yake na daktari, na mjamzito pia. Lakini yule mama alikuwa na njia mbili, zote nzuri, na sisi tulimfanya aone moja ni ya woga na nyingine ni ya ushujaa.

Kuna kauli moja nimeisikia mwaka huu mara nyingi hata nikaanza kuihesabu: "Nikitoa titi lote sitapigwa kemo," yaani dawa kali za kuua seli za saratani. Naomba tuiache. Kemo haiamuliwi na ukubwa wa kisu. Inaamuliwa na tabia ya seli zenyewe, ukubwa wa uvimbe na hali ya tezi za kwapani, kwa sababu kazi yake ni kuzifuata seli ambazo huenda zimekwisha kutoka titini kabla ya upasuaji. Aliyetoa lote anaweza kuihitaji, na aliyehifadhi anaweza asiihitaji. Wapo wenzetu walioamka kutoka chumba cha upasuaji wakiamini wameshalipa deni lote, kisha wakaambiwa kuna dripu. Kilio cha siku hiyo ni kikali kuliko cha siku ya majibu. Tungeweza kuwaepusha nacho kwa kumwambia kila mmoja mapema aulize: "Baada ya upasuaji, ni nini kingine kinaweza kufuata, na mtaamua kwa kuangalia nini?"

La pili ni haraka. Majibu yakitoka, mtu hutaka litoke kesho. Namwelewa, nami nilikuwa hivyo. Lakini ile nafasi kati ya kipimo na upasuaji ni haki iliyopiganiwa. Zamani mwanamke alipewa nusu kaputi achukuliwe kipande kidogo cha nyama ya titi cha kupimwa, na kama kingeonekana kibaya, aliondolewa titi papo hapo. Alilala bila kujua ataamka vipi. Mwaka 1974 mwandishi wa habari wa Marekani, Rose Kushner, alikataa kufanyiwa hivyo, akatafuta daktari baada ya daktari atakayekubali kutenganisha kipimo na upasuaji. Mwaka 1979 jopo la wataalamu wa taasisi za taifa za afya za nchi hiyo, yeye akiwemo kama mjumbe asiye daktari, lilipendekeza utaratibu ule wa hatua moja uachwe. Wiki moja aliyopewa yule mama wa daftari ilitokana na mapambano kama hayo. Tusimnyang'anye kwa kumharakisha.

Nayo isigeuke kuwa miezi. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni na dalili, matibabu nayo yaanze bila kuchelewa. Siku chache za kusoma, kuuliza na kutafuta maoni ya daktari wa pili hazidhuru kwa kawaida. Kinachodhuru ni kupotelea kwa wauza tiba za maajabu, ambao nao wanaijua nafasi hiyo vizuri. Mwaka huu tumemzika mwenzetu mmoja aliyerudi hospitali akiwa amechelewa. Sitaki kulisema zaidi ya hapo mbele ya familia yake, ambayo imetuheshimu kwa kufika leo.

Tulichobadilisha ni hiki. Mshauri mwenza, yaani aliyepitia ugonjwa huu anayemsaidia mgonjwa mpya, hasimulii habari zake mpaka aulizwe, na akiulizwa anaanza kwa kusema "kwangu ilikuwa hivi". Swali letu la kwanza sasa ni lile ambalo yule mama alilikosa: unaogopa nini zaidi? Na kila anayekabiliwa na uamuzi anaunganishwa na washauri wawili waliochagua tofauti, kila mmoja kwa wakati wake, ili wasibishane mbele yake. Hatusomi ripoti ya mtu na kumwambia maana yake. Tunamsaidia kuandika la kuuliza, na akitaka tunakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe.

Baadhi yenu mmenung'unika kwamba tunawafunga midomo mashujaa. Nimelisikia, na nalichukulia kwa uzito. Kazi hii ilianzishwa na simulizi: mwaka 1952 Terese Lasser, aliyekuwa ameondolewa titi, alianza kuwatembelea wanawake wodini, na kazi yake ikawa mpango wa Reach to Recovery unaoendelea hadi leo. Kumwona mtu amesimama mbele yako, amevaa nguo yake vizuri, anainua mkono, ni dawa ambayo daktari hana. Simulizi zenu nazihitaji. Naomba tu zingoje zamu yao.

Baadaye tulipomwuliza yule mama anaogopa nini, kumbe haikuwa titi kabisa. Anamuuguza mama mkwe aliye kitandani, anayehitaji kugeuzwa kila baada ya saa chache, na alikuwa amesikia mionzi ni wiki tano au zaidi za kwenda kila siku. Nani angemgeuza bibi? Swali hilo lilikuwa la nne kwenye daftari. Ratiba nyingi siku hizi ni fupi: mizunguko 15, yaani kupigwa mionzi mara 15, kwa wiki tatu imeshakuwa jambo la kawaida, na utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wanaofaa, mizunguko mitano ndani ya wiki moja ilitoa matokeo yasiyopungua baada ya miaka mitano. Hatukumwambia achague lipi. Tulimwambia amuulize daktari wake wa mionzi ni mizunguko mingapi, na tukamtafutia mtu wa kukaa na bibi siku ya kwenda kuuliza.

Sehemu nyingine tuliyoiacha wazi ni miaka ya vidonge. Upasuaji ukiisha, ndugu hupiga vigelegele na kurudi makwao, kisha mtu anabaki na tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni isiichochee saratani, kwa miaka mitano au zaidi, na majoto ya usiku yanayolowesha shuka. Kwa saratani yenye vipokezi vya homoni, miaka mitano ya tamoksifeni hupunguza hatari ya kufa kwa ugonjwa huo kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Hata hivyo wapo wanaoviacha kimya kimya, kwa aibu ya kuonekana wanalalamika ilhali wamepona. Tumeanzisha kikao cha jioni kwa ajili yao tu. Anayetaka kuacha hatumgombezi. Tunamwomba arudi kwa daktari kabla hajaacha, kwa sababu mara nyingi kuna namna ya kupunguza madhara au dawa nyingine ya kujaribu.

Mwaka huu amejiunga mwanachama wetu wa kwanza wa kiume. Wanaume ni kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya wagonjwa wa saratani ya matiti, na upweke wao unaanzia kwenye foleni. Kadi zetu zilizoandikwa "mpendwa dada" zinachapishwa upya.

Fedha ataeleza mweka hazina. Niseme tu kwamba nauli za washauri na matiti bandia ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa ya matumizi, na kwamba tulikataa msaada kutoka kwa muuza virutubisho aliyetaka kusimama kwenye vikao vyetu.

Wengi mnaniuliza mama wa daftari aliamua nini. Nakijua alichochagua, nami sitakisema hapa, maana mtakihesabu kama kura. Matibabu yake yanaendelea vizuri na bibi anageuzwa kwa wakati. Ameomba kujifunza ushauri mwenza atakapomaliza mwaka mmoja baada ya matibabu, kama kanuni yetu inavyotaka.

Mafunzo ya washauri wapya yanaanza Jumamosi ya pili baada ya mkutano huu. Anayetaka kujiandikisha amwone katibu. Tumenunua madaftari ya kuwapa wagonjwa wapya, ya miraba, na penseli zake.

Mwenyekiti wenu