Namba ya tetemeko peke yake haitoshi

Mhariri, salaam.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na kila likitokea tetemeko la ardhi huko duniani mnatuandikia kilekile, ukubwa wake kwenye kipimo cha Richter, idadi ya waliokufa, basi habari imeisha. Jamani hiyo namba peke yake haimsaidii msomaji, na saa nyingine inampoteza kabisa.

Chukueni New Zealand. Septemba 2010 lilipiga tetemeko la 7.1 kama kilomita 40 hivi magharibi ya jiji la Christchurch, alfajiri watu wamelala, majengo yakapasuka lakini hakuna aliyeuawa na kifusi. Halafu tarehe 22 Februari 2011 likaja la 6.2, ukisoma namba unasema aah hili ni dogo tu, kumbe lilikuwa karibu kabisa na jiji, kina chake kama kilomita 5 tu, mchana kweupe watu wako maofisini na madukani, wakafa 185. Na lile la kwanza lilikuwa na nishati zaidi ya mara 20 ya hili, maana ukitoka 6 kwenda 7 nishati inaongezeka kama mara 32, hili nalo hamlisemi kamwe. Bolivia mwaka 1994 walipata la 8.2, kubwa mno, ila lilitokea zaidi ya kilomita 600 chini ya ardhi, likasikika mpaka Kanada na madhara yakawa madogo. Kwa hiyo kina na umbali viandikwe, ni sentensi moja tu mhariri, haili nafasi.

Ila kubwa zaidi kwangu ni udongo, maana huu hata kutajwa hautajwi. Mwamba ukikaa juani na mvuani miaka na miaka unachakaa palepale ulipo, maji yanaingia kwenye ufa yakiganda yanatanuka yanaupasua, maji ya mvua nayo yana asidi kidogo yanaula taratibu, ukishalegea ndio mito na upepo vinausomba mchanga na tope kwenda kuurundika mabondeni na kwenye maziwa. Na binadamu tunapenda kujenga hukohuko kwa sababu ni tambarare na pana rutuba! Sasa mawimbi ya tetemeko yakitoka kwenye mwamba mgumu yakaingia kwenye yale mashapo laini yanapunguza mwendo lakini mtikisiko unakuwa mkubwa zaidi, na kama ni mchanga ulioshiba maji unageuka uji, nyumba inazama upande mmoja, ndicho kilichotokea mitaa mingi ya Christchurch.

Mfano wa kutisha ni Mexico City, Septemba 1985, tetemeko la 8.0. Kitovu kilikuwa pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, mtu angesema jiji limesalimika. Lakini sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya lililokuwa ziwa Texcoco, tope likaanza kuyumba kwenda na kurudi kila baada ya sekunde 2 hivi, na majengo ya kati, ya ghorofa 6 mpaka 15, nayo huwa yanayumba kwa mwendo unaokaribiana na huo, basi yakawa yanaongezewa nguvu kila yumbo mpaka yakalala. Vinyumba vifupi vingi vilibaki na lile ghorofa refu la Torre Latinoamericana likabaki limesimama. Watu maelfu walikufa. Hapo ile 8.0 ingekwambia nini?

Na la mwisho, zile habari za "mtaalamu atabiri tetemeko wiki ijayo" acheni kuzichapa. Hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku na saa, kinachowezekana ni kusema eneo fulani lina hatari kiasi gani kwa miaka ijayo, na mitambo ya tahadhari kukupa sekunde chache tetemeko likishaanza.

Msomaji wenu