Steroli za mimea hazisafishi damu

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe dai linalozidi kuenea, kwamba steroli za mimea, yaani viambato vya asili vya mimea vinavyofanana na lehemu (kolesteroli), huyeyusha lehemu iliyokwisha kuingia kwenye damu. Kazi yake hufanyika utumboni.

Lehemu haiyeyuki katika maji, kwa hiyo haifyonzwi mpaka ibebwe na vitone vidogo mno vinavyoundwa na chumvi za nyongo pamoja na mafuta ya chakula. Sitosteroli, ambayo ni steroli ya mimea iliyo nyingi zaidi, imefanana na lehemu kama pacha, ikiizidi kaboni mbili tu kwenye mkia, nayo hupanda chombo hicho hicho na kuikosesha lehemu nafasi. Ajabu ni kwamba ukuta wa utumbo humtambua mgeni huyu: seli zake huzisukuma nje karibu steroli zote za mimea zilizopenya, zikabaki chini ya asilimia 5, ilhali lehemu hufyonzwa takriban nusu. Lehemu iliyokosa chombo hutoka na choo.

Hata asiyegusa nyama wala mayai ana lehemu utumboni, kwa kuwa ini humwaga takriban gramu 1 kila siku kupitia nyongo, na sehemu kubwa yake hufyonzwa tena. Ndiyo maana steroli hizi huliwa pamoja na mlo, wakati nyongo inamwagika. Ndugu yangu mmoja alimeza vidonge vyake kila alfajiri kwa maji matupu, kisha akashangaa vipimo havisogei.

Gramu 2 kwa siku hushusha lehemu mbaya, yaani LDL, kwa asilimia 8 hadi 10; mlo wa kawaida hutoa miligramu 200 hadi 400 tu. Upungufu huo wa LDL si haba, ingawa haujathibitishwa kwa majaribio kwamba steroli zenyewe huzuia mshtuko wa moyo, na mgonjwa asiache dawa zake kwa ajili yake.

Anayeshikilia hoja ya kusafisha damu awatazame wenye sitosterolemia, maradhi adimu ya kurithi ambayo huharibu pampu ya utumboni inayosukuma nje steroli za mimea. Damu yao imejaa steroli za mimea, na baadhi yao mishipa ya moyo huziba wangali vijana.

Msomaji wako