Taarifa ya mwenyekiti kwa mwaka huu

Ndugu wanachama, salaam. Mikutano tulifanya 6, Bagamoyo tulienda, picha mlishaziona kwenye grupu, siyarudii hayo.

Nije kwenye mada ya mwaka, ile ya vijana wa New Zealand waliokataa mafunzo ya jeshi ya lazima, maana nimesemwa sana. Ni kweli niliamua peke yangu, kamati imekosa akidi mara mbili mlitaka nisubiri mpaka lini? Kuna mtu kaandika eti mwenyekiti kaiacha mada ya Kariakoo kaenda kuhangaika na watoto wa kizungu. Jamani. Wapagazi wa Kariakoo, wale waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza vita ya kwanza ya dunia, tuliwamaliza mwaka juzi, mpaka ile sheria ya 1915 ya Kenya ya kukamata watu wakabebe mizigo ya jeshi, na aliyeandaa si mimi huyuhuyu?

Nilichotaka muone ni kwamba hata kwao walilazimishana. New Zealand ilipitisha sheria 1909, hakuna vita wala nini, kijana wa miaka 14 anatakiwa kwata, asipotokea mahakamani. Vijana wa Christchurch wakaunda chama chao cha kugoma 1912, kina Charles Mackie wa Baraza la Amani wakawatetea, wakapigwa faini hawalipi, basi 1913 vijana 13 wakafungiwa Ripa, kijisiwa cha ngome kwenye bandari ya Lyttelton. Wanaambiwa wasafishe silaha hawataki, wakapunguziwa msosi, nao wakasusa kula kabisa! Habari ikafika Wellington kwenye mkutano wa vyama vya wafanyakazi, wajumbe wakaandamana mpaka bungeni. Na bado 1916 serikali ikaleta sheria ya kuwapeleka watu vitani kwa lazima. Australia wao mwaka huohuo waliulizwa kwa kura wakakataa, hapana ilizidi kama 72,000 tu, wakaulizwa tena 1917 wakakataa tena. Sasa hiyo sio historia ya kusoma?

Siku ya mada hiyo nimeagiza mandazi 40, tukaja watu 7. Saba! Waliofungwa Ripa walikuwa wengi kuliko sisi, mandazi nikala na wanangu siku mbili.

Pesa: ada ni 30,000, wanachama 38, waliomaliza 11, waliolipa nusu 6, wengine sifuri, makusanyo 420,000, matumizi 505,000 ukumbi, chai na fotokopi, hiyo 85,000 iliyopungua nimetoa mfukoni kwangu na sijadai, risiti anazo Bi Mhazini. Wale vijana waligoma kulipa faini kwa msimamo, nyie ada mnagoma kwa msimamo gani?

Mwakani Mungu akipenda tuangalie wale Waingereza 35 waliohukumiwa kifo Ufaransa 1916 kwa kukataa amri za jeshi, wakabadilishiwa kuwa miaka 10 jela, na ikiwezekana tupate projekta. Mkitaka Kariakoo tena sawa, ila aandae mwingine. Na aliyeondoka na chupa ya chai ya ukumbi airudishe, mwenye ukumbi ananipigia mimi.