Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, asalaam aleikum.

Mwaka huu vikao vyetu vya usomaji hapa Langoni, Lamu, vilishughulikia suala moja: namna lugha inavyomtaja mtu transijenda, yaani yule ambaye jinsia anayojitambua kwayo siyo aliyoandikiwa alipozaliwa, na namna kutajwa huko kunavyompimia nafasi yake katika jamii. Tulifuata uchanganuzi wa usemi wa kifeministi, ambao huuliza nani anasema, nani anasemwa tu, na nani anafaidika na yale yanayoitwa ya kawaida.

Sarufi yetu tuliikuta haina hatia. Ukisema "amekuja" au "mtoto wake", hujamtaja mwanamume wala mwanamke, kwa kuwa ngeli ya A-WA huwapokea wote. Ubaguzi huingilia kwenye majina. "Shoga", neno ambalo mwanamke wa Lamu humwitia mwenzake wa chanda na pete, hugeuka tusi likielekezwa kwa mwanamume, na tusi hilohilo hurushiwa mwanamke transijenda, kana kwamba kufanana na mwanamke ndiyo aibu yenyewe. Kina mama waliokuwa wakidai kwamba suala hili haliwahusu walinyamaza hapo, kisha mjadala ukaendelea hadi magharibi.

Tulisoma pia kesi ya Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, ambaye mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti kipya chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Herufi moja ya jinsia katika karatasi yaweza kumfungia mtu mlango wa ajira, na asiye na nauli ya kwenda kortini, sikwambii ada ya wakili, hubaki nayo. Sensa ya 2019 nayo ilihesabu huntha, yaani watu waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike dhahiri, 1,524. Lakini huntha ni suala la maumbile ya kuzaliwa, na wengi wetu, mimi nikiwamo, tulikuwa tukiwachanganya na transijenda, ambao sensa haikuwatengea safu.

Wapo waliopinga kwa hoja za dini, na maneno yao yamo katika kumbukumbu za vikao. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Kasoro ni yangu. Mwaka mzima tumeuliza nani anasemwa bila kusema, na hatukumsikiliza hata mtu mmoja transijenda. Nilihofia usalama wa mgeni katika mji ambao kila kichochoro kina macho, ila sikumuuliza mwenyewe. Naomba mlipigie kura pendekezo la kukutana mwakani nyumbani kwa mwanachama, bila picha, iwapo mgeni atakubali kuja.